Mita Haioni Makaa: Hesabu ya Nishati ndani ya Nyumba ya Unguja

Bibi mmoja, jirani yangu wa Mwanakwerekwe, alinunuliwa na mwanawe presha kuka ya umeme siku chache kabla ya Ramadhani. Aliitumia kwa kunde, kwa maharagwe, kwa supu na kwa muhogo wa futari, na kumi la kwanza lilikuwa halijamalizika alipokuja kusimama mlangoni kwangu na malalamiko. "Mwanangu, mlinambia chombo hiki kinaokoa. Mbona umeme ninaonunua ulikuwa ukinifikisha wiki, na sasa siku ya tano siioni?" Malalamiko yake yalikuwa ya kweli. Mita ya TUKUZA, ile ya umeme wa kununua kabla ya kutumia, haikumdanganya: nyumba ile ilikuwa ikitumia umeme zaidi kuliko mwezi uliopita. Ila mita huona kile tu kinachopita katika nyaya zake. Gunia la makaa nyuma ya mlango wa jiko, ambalo zamani kwa siku zile lingekuwa limeshakung'utwa na sasa lilikuwa bado limejaa nusu, mita haina jicho la kuliona.

Mkanganyiko huu ndio unaovuruga mazungumzo mengi kuhusu kupunguza matumizi ya nishati majumbani ili kuzuia mabadiliko ya tabianchi. Tunaambiwa tuzime taa, tuchomoe chaja, tubane matumizi, kana kwamba nyumba ina daftari moja tu. Nyumba ina madaftari matatu: la fedha, la nishati yenyewe, na la hewa ukaa inayokwenda angani kwa sababu ya nishati hiyo. Mara nyingine yote matatu hushuka pamoja, lakini katika visiwa vyetu mara nyingi moja hupanda ili jingine lishuke, na anayesoma daftari moja peke yake huweza kukata shauri lililo kinyume kabisa na alichokusudia.

Tuanze na daftari lililo rahisi kusomeka. Uniti moja ya umeme ni kazi ya wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Katika uso wa mita nyingi za kisasa kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake imeandikwa idadi ya mipepeso inayokamilisha uniti moja. Kwangu ni 1,000. Usiku mmoja, watu walipokwisha lala, nilizima kila kitu nikasimama mbele ya mita na saa mkononi, kisha nikawasha kifaa kimoja baada ya kingine. Ukiwasha taa moja ya LED ya wati 9, utasubiri dakika sita na sekunde arobaini ndipo uone mpepeso mmoja, na usipokuwa na subira utadhani mita imekufa. Pangaboi la wati 60 hupepesa mara moja kwa dakika. Pasi ya wati 1,200 hupepesa kila baada ya sekunde tatu. Nilipobandika birika la umeme la wati 2,000, taa ile ilianza kupepesa karibu kila sekunde mbili, na ikaendelea hivyo mpaka maji yakatokota. Mtu aliyewahi kuitazama taa hiyo kwa robo saa hahitaji tena kuelezwa umeme wa nyumba unakwenda wapi: unakwenda katika kutengeneza joto na kutengeneza baridi. Mwanga na sauti ni chembe.

Kwa nini joto ni zito namna hii? Maji yanayotoka bombani kwetu huwa na nyuzi joto kama 28. Kuipandisha lita moja ya maji hayo mpaka nyuzi 100 kunahitaji takriban uniti 0.084, kiasi ambacho kikisikika kwa masikio huonekana si kitu. Lakini nishati hiyo hiyo, lau ingetumika kuyainua maji badala ya kuyapasha, ingeipandisha lita ile kimo cha kilomita 30 kwenda juu, yaani zaidi ya mara tano ya urefu wa Mlima Kilimanjaro. Ndiyo maana pampu inayopandisha maji kwenye tangi la juu ya paa, ambayo watu huilaumu kwa kelele zake, hutumia umeme kidogo ukilinganisha na birika linalochemshwa mara nne kwa siku, kila mara likiwa limejazwa pomoni ili kutoa vikombe viwili vya chai.

Daftari la hewa ukaa halisomeki kwenye mita, kwa kuwa linategemea umeme umetoka wapi. Unguja hupata umeme wake kutoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari kati ya Ras Kiromoni na Fumba; wa kwanza ulianza kazi mwaka 1980 ukiwa na uwezo wa megawati 45, na wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulikamilika mwaka 2013. Pemba iliishi kwa jenereta za dizeli kwa miaka mingi mpaka ilipounganishwa na Tanga mwaka 2010. Kwa hiyo uniti inayowasha pangaboi la Michenzani au friji la Wete imezaliwa katika Gridi ya Taifa, ambayo sehemu yake kubwa inatokana na maporomoko ya maji na gesi asilia, ikiwemo ile inayochimbwa Songo Songo tangu mwaka 2004. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mapema mwaka 2024 na limeiongezea gridi uzito mkubwa upande wa maji. Uniti iliyotokana na maji hubeba hewa ukaa kidogo sana. Iliyotokana na gesi asilia hubeba kiasi cha nusu kilo, kutegemea ubora wa mtambo. Hakuna anayeweza kuichambua uniti yake akajua ni ipi, kwani gridi ni kama pipa linalomiminiwa maji ya visima vingi.

Wakubwa tunakumbuka maisha bila waya huo. Kuanzia tarehe 10 Disemba 2009 Unguja ilikaa gizani kwa takriban miezi mitatu baada ya waya kuharibika upande wa Fumba, na tuliokuwepo tulijifunza kwa nguvu jambo ambalo hakuna semina ingetufundisha: maji ya bomba nayo ni umeme. Visima vinavyolisha mji huvutwa kwa pampu, na umeme ulipokatika mifereji ilikauka, ndoo zikaanza safari. Kila mwenye uwezo alinunua jenereta. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa zaidi ya kilo mbili za hewa ukaa, na jenereta ndogo ya dukani huipata uniti moja kwa kuchoma nusu lita au zaidi, mbali na kelele na ajali. Kwa upande wa hewa, kila uniti ya jenereta ile ilikuwa chafu kuliko ya mtambo wowote wa gesi kule bara.

Waya huo una funzo jingine ambalo ni la kifundi kidogo lakini linafaa kujulikana. Umeme unaposafiri hupotea njiani kwa kuzipasha nyaya moto, na upotevu huo haupandi sambamba na matumizi: mkondo ukiwa mara mbili, upotevu huwa mara nne. Saa za baada ya magharibi, ambapo taa, televisheni, majiko na pasi vinawashwa kwa pamoja katika nyumba zote, ndizo saa ambazo upotevu wa njiani kwa kila uniti huwa mkubwa zaidi. Anayepiga pasi nguo za skuli saa tisa alasiri badala ya saa mbili usiku halipi pungufu kwa mita ya kawaida, lakini mzigo anaouweka juu ya mfumo mzima ni mdogo zaidi.

Sasa tulitazame gunia la yule bibi, kwa sababu hapo ndipo hesabu nzima ilipofichwa. Makaa huonekana kuwa nishati iliyokamilika: meusi, mepesi, hayana moshi mwingi yakishashika moto. Moshi wake ulikwishatoka mbali, kwenye tanu. Kupata kilo moja ya makaa kwa tanu la udongo la kawaida huhitaji kilo sita mpaka kumi za kuni. Tuseme saba. Kilo saba za kuni kavu zina joto la kiasi cha uniti 31. Kilo moja ya makaa inayotoka tanuni ina kama uniti 8 tu. Karibu robo tatu ya nishati ya mti imeshapotea kabla jahazi halijapakia. Kisha makaa hutiwa kwenye seredani ya bati, ambayo hutupa joto pembeni na chini, na huendelea kuwaka hata sufuria ikishaipuliwa. Kinachoingia ndani ya chakula ni kiasi cha moja ya tano. Katika zile uniti 31 za mti, zilizofika kwenye maharagwe ni moja na nusu au zaidi kidogo. Ishirini zimeingia, moja imetumika.

Atakayejibu kwamba mti huota tena na kuinyonya hewa ukaa ile ile ana hoja, na hoja hiyo ni ya kweli pale ambapo mti huota tena. Ila anasahau mambo mawili. Kwanza, tanu huunguza kuni kwa hewa kidogo, na kwa hivyo moshi wake una methani, gesi ambayo katika kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule. Mti mpya hauinyonyi methani. Pili, miti mingi inayokatwa kwa ajili ya makaa haipewi nafasi ya kurudi, na yetu ya visiwani ina udhaifu wa pekee: mkoko ukikatwa haupotei peke yake, kwani tope lililo chini yake limehifadhi kaboni ya karne nyingi, na likifunuliwa kwa jua na mawimbi huanza kuiachia. Sehemu ya makaa tunayotumia huvushwa kutoka bara, jambo linaloifariji misitu yetu na kuihamishia adha misitu ya wenzetu. Angani moshi haujui umetoka kisiwa gani.

Kwa hiyo bibi yule alipohama kutoka seredani kwenda umeme, mita yake ilipanda na nishati yote aliyotumia ilishuka sana, na hewa ukaa nayo ikashuka. Sufuria ya maharagwe inayomaliza kilo ya makaa hutoa karibu kilo tatu za hewa ukaa jikoni peke yake, bila kuhesabu tanu. Maharagwe hayo hayo kwenye presha kuka ya umeme hutumia chini ya nusu uniti, ambayo hata ikiwa yote imetoka kwenye gesi ni kiasi cha robo kilo. Ndiyo sababu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034, na haukuanza na kuhesabu taa.

Hata hivyo si kila jiko la umeme ni sawa na jingine, na hapa inafaa tuinamie sufuria yenyewe. Maji yakishafika nyuzi 100 hayapandi tena, hata moto ukiwa mkali namna gani. Joto lote la ziada hugeuka mvuke. Na mvuke ni ghali: kuigeuza lita moja ya maji yanayotokota kuwa mvuke huhitaji uniti 0.63, mara saba na nusu ya ile iliyotumika kuitoa bombani mpaka kutokota. Mpishi anayeiacha sufuria wazi juu ya moto mkali, akiongeza maji kila yanapopungua, hapiki maharagwe kwa kasi zaidi. Anachemsha hewa ya jikoni. Maharagwe hulainishwa na nyuzi 100 zilizomo ndani yake pamoja na muda, na hayatambui kama juu yake kuna povu la hasira au kichemko cha kimya kimya. Mfuniko unaoziba vizuri na moto uliopunguzwa mara tu sufuria inapotokota kwa mwaka mzima huweza kuokoa zaidi kuliko kuzimwa kwa taa zote za nyumba, na hili ni kweli kwa umeme, kwa gesi na kwa makaa.

Presha kuka ni mfuniko uliokwenda skuli. Kwa kuufungia mvuke ndani, huongeza shinikizo, na kwa shinikizo hilo maji hupanda mpaka karibu nyuzi 120 bila kupotea. Kilichokuwa kikipikwa kwa muda wa saa tatu huiva kwa muda usiofika saa moja. Ile ya umeme ina faida ya ziada kwamba mwili wake umefunikwa kuzuia joto lisitoke, hivyo ikishapanda huzima yenyewe na kuwaka kwa vipindi vifupi tu. Kuroweka maharagwe tangu usiku hupunguza zaidi, na hakugharimu chochote isipokuwa kukumbuka.

Mama zetu waliyajua haya bila hesabu ya uniti. Mtu aliyekulia Pemba au Unguja amemwona mama akipika wali wa nazi: tui likishakauka, moto wa chini hupunguzwa mpaka unabaki majivu ya moto na vijiwe viwili vitatu vya makaa, mfuniko ukazibwa, na makaa mengine yakapaliwa juu yake. Hakuna tena kinachochemka. Wali unamalizwa na joto lililokwisha kuwamo ndani, na lile dogo la juu linazuia tu lisitoroke. Kikapu kilichojazwa matambara au mabaki ya sponji, ambacho sufuria iliyotokota huwekwa ndani yake ikafunikwa na kuachwa iive yenyewe, ni mbinu hiyo hiyo iliyovalishwa nguo mpya.

Jiko la koili, lile la waya unaogeuka mwekundu, ndilo lenye hasara zaidi katika ya umeme, hasa sufuria ikiwa imebonyea chini na kugusa koili nusu nusu. Gesi ya mtungi iko kati kwa kati. Ni mafuta ya visukuku, kila kilo ikiungua hutoa kilo tatu za hewa ukaa, lakini moto wake hutii mkono papo kwa papo na huzimika pale pale kazi inapokwisha, na kwa hivyo bado hupita mbali makaa ya tanu katika hesabu yote. Mwenye gesi asijione mkosaji mbele ya mwenye seredani.

Shamba, hali ni nyingine. Katika vijiji vya Pemba wapo wanaopikia makumbi, vifuu na matawi makavu yaliyoanguka, nishati isiyonunuliwa na ambayo ingeoza hata kama isingechomwa. Kumwambia mtu wa namna hiyo anunue uniti kwa ajili ya tabianchi ni kumtwisha mzigo usio wake. Linalomhusu yeye ni moshi: kuni mbichi na mafiga yaliyo wazi humpa mpishi na mtoto aliyembeba mgongoni kifua kibovu, na masizi yale yale yanayowapaka mapafu ni miongoni mwa vinavyopasha hewa joto. Kuni zilizoanikwa zikakauka barabara na jiko lenye chumba cha moto lililozungushiwa udongo hupunguza vyote viwili, na kuni nazo hutosha kwa siku nyingi zaidi.

Upande wa baridi una siri zake, na nathubutu kusema ndio utakaotusumbua zaidi miaka ijayo, kwa kuwa majiko yanaelekea kubadilika na viyoyozi vinaongezeka. Friji ni kifaa cha ajabu kwa kuwa haliombi ruhusa: huwaka na kuzima mchana na usiku, mwaka mzima. Maduka yetu yamejaa mafriji ya mtumba yaliyokwisha kutumika miaka kumi au zaidi nchi za nje, na bei yake humvutia mnunuzi ambaye hajui kwamba atailipa tofauti hiyo kidogo kidogo kupitia mita. Chukua kipande cha karatasi, ukibane kwenye mlango wa friji lako, ufunge, kisha ukivute. Kikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka na baridi unayoinunua inamwagika sakafuni usiku kucha. Friji lililosukumwa mpaka likagusana na ukuta, au lililowekwa ubavuni mwa jiko, halina pa kutupia joto na hufanya kazi kama mbebaji anayepanda ngazi na magunia mawili. Barafu iliyoganda unene wa kidole ndani ya friza nayo ni blanketi linalozuia baridi isifike kwenye samaki. Wauzao malai na barafu majumbani wanalijua hili, kwa kuwa faida yao yote imo humo.

Ndani ya mabomba ya friji na kiyoyozi kuna gesi, na gesi hiyo ina daftari lake. Ile ambayo mafundi huiita R-22, iliyomo katika viyoyozi vya zamani, kilo moja yake ikitolewa hewani huwa na athari ya takriban tani 1.8 za hewa ukaa, na juu ya hapo huharibu tabaka la ozoni. R-134a, iliyoenea katika mafriji, ina athari ya takriban tani 1.4 kwa kilo. Mtanzania mmoja kwa wastani husababisha chini ya nusu tani ya hewa ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe. Fundi akifungua koki ya kiyoyozi cha zamani chenye kilo moja ya gesi na kuiachia ipulize barazani, amemwongezea mwenye nyumba mzigo wa zaidi ya miaka mitatu kwa dakika chache, na hakuna moshi uliooneka. Ni kwa sababu hii nchi zilikutana Kigali mwezi Oktoba 2016 zikakubaliana kuzipunguza gesi za jamii ya R-134a hatua kwa hatua. Friji jipya lenye R-600a lina athari ndogo mno upande huo, ingawa gesi yake hushika moto na inataka fundi anayeijua. Kiyoyozi kinachohitaji "kujazwa gesi" kila mwaka kinavuja. Gesi haiishi kwa kutumika. Mwambie fundi atafute tundu kwanza.

Kuhusu umeme wa kiyoyozi, taa ya mita inasema yote: cha ukubwa wa kawaida wa chumba cha kulala hupepesa kila sekunde tatu au nne pale kompresa inapofanya kazi, sawa na mapangaboi kumi na tano au zaidi. Kukiweka nyuzi 18 hakukifanyi kipoze upesi zaidi. Hukifanya tu kisipumzike. Ukikiweka nyuzi 26 ukaliacha pangaboi lizunguke polepole, mwili hauhisi tofauti kubwa, kwa sababu upepo unaopita juu ya ngozi huondoa jasho, na jasho linapokauka hubeba joto pamoja nalo. Pangaboi halipoozi chumba, linampooza mtu. Kuliacha likizunguka katika chumba kisicho na mtu ni kupasha moto mota yake bure.

Lakini kiyoyozi hakikuja chenyewe. Kimeitwa na nyumba. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene kiasi kwamba joto la mchana huchukua saa nyingi kuvuka na likifika ndani usiku umeshaingia. Dari ziko juu, madirisha marefu yana vibao vya kukinga jua na kuruhusu upepo, na uwa wa katikati hufanya kazi ya bomba la kutolea hewa moto. Nyumba tunazojenga sasa zina kuta za matofali membamba, bati lisilo na kitu chini yake isipokuwa dari la jipsamu, na madirisha ya alumini ya kusukuma pembeni, ambayo hata ukiyafungua yote, nusu ya tundu hubaki imezibwa na kioo. Tumelipia dirisha zima tukapata upepo wa nusu. Sisi ni watu wa kaskazi na kusi; majina ya misimu yetu ni majina ya pepo, na bado nyumba inawekwa ikiutazama ukuta wa jirani. Mwenye kujenga leo ana nafasi ambayo mwenye nyumba iliyokwisha hana: kuelekeza matundu mahali upepo unapotoka, kuacha upenyo kati ya bati na dari ili hewa moto itoke, kuchagua bati la rangi nyeupe, kuurefusha mwavuli wa paa ili jua lisiupige ukuta, kuuacha mwembe uliokuwepo. Nyumba hiyo itasimama miaka hamsini, na kila kiangazi itadai au haitadai kiyoyozi.

Yaliyobaki ni madogo na nitayapita haraka. Globu ya zamani ya wati 60 ibadilishwe, hilo halina mjadala. Hita ya kuogea ya papo kwa papo katika nchi ambayo tangi jeusi la juu ya paa hupata moto wenyewe ifikapo adhuhuri ni jambo ambalo sijaweza kulielewa. Chaja ya simu iliyoachwa ukutani haili kitu cha maana. King'amuzi na televisheni zilizozimwa kwa rimoti hula zaidi yake, na usiku ule nilipokuwa mbele ya mita ndivyo vilivyonishangaza kwa kuendelea kupepesa wakati nikidhani nimezima vyote.

Kuna swali la haki ambalo msomaji ameshaliuliza moyoni. Dunia katika mwongo wa 2011 hadi 2020 ilikuwa na joto la takriban nyuzi 1.1 zaidi ya ilivyokuwa katika nusu ya pili ya karne ya 19, na joto hilo halikuletwa na seredani za Makunduchi. Wanawake wa Paje na Jambiani waliokuwa wakilima mwani aina ya kotonii, zao lililoingia pwani ya mashariki mwaka 1989, wameuona ukifa kwa maji yaliyopata moto, na hawakuwahi kumiliki kiyoyozi. Mimi siamini kwamba tunapunguza matumizi ili kulipa deni ambalo si letu. Napunguza kwa kuwa makaa yanamaliza mikoko inayokinga fukwe hizo hizo, kwa kuwa moshi unaingia kwenye kifua cha mpishi kabla haujafika angani, na kwa kuwa waya wa Fumba una kikomo, na kila uniti inayopotea kwenye mpira mbovu wa friji ni uniti ambayo nyumba nyingine ingepikia.

Bibi yule nilimwomba jambo moja tu, kwamba kila anaponunua umeme na kila anaponunua makaa aandike katika karatasi moja, upande kwa upande. Karatasi ilibandikwa juu ya presha kuka kwa utepe. Baada ya Idi nilipita kumwamkia, nikaikuta safu ya umeme ndefu na safu ya makaa ina mstari mmoja, na gunia lile lile la Ramadhani bado liko nyuma ya mlango. Seredani ilikuwa uani inawaka. Alikuwa anapika mkate wa kumimina, na mkate wa kumimina, aliniambia kabla sijauliza, unataka moto juu na chini.